Waridi Lenye Harufu: Lipi la Bara, Lipi la Pwani

Kila usiku ndege za mizigo huondoka Nairobi zikiwa na mawaridi ya Naivasha na ya miteremko ya Mlima Kenya, zikielekea Ulaya. Tanzania nayo ina mashamba ya maua pembezoni mwa Arusha. Ukanda huu unalisha masoko ya dunia kwa mawaridi, na bado mtu wa Nairobi, Moshi au Tanga akitaka waridi moja tu linalonukia, hulikosa. Shada analouziwa mjini lina rangi ya kupendeza, shina refu lililonyooka na petali zinazodumu siku nyingi kwenye maji. Akilisogeza puani hapati kitu, au anapata harufu hafifu ya majani mabichi.

Anayelitaka waridi linalonukia, basi, analazimika kulipanda mwenyewe. Tatizo ni kwamba aina zilizopewa majina ni maelfu, na vitabu vinavyozisifu vimeandikwa kwa bustani za Uingereza, Ufaransa na Marekani, nchi zenye majira ya baridi na jalidi. Ushauri huo ukifuatwa kama ulivyo kule Kisauni, pwani ya Mombasa, mwaridi hudhoofika na kufa. Ukifuatwa Limuru, kwenye nyanda za juu, unaweza kumpa mtu kichaka kizuri cha majani kisichochanua. Ninalotaka kulitetea hapa ni hili: orodha ya mawaridi yanayosifiwa kwa harufu isiwe mahali pa kuanzia. Tuanze na mwinuko wa nyumba kutoka usawa wa bahari, kisha tuulize kila mwaridi umezaliwa na nani. Mambo hayo mawili yakijulikana, orodha ndefu hupungua yenyewe na kubaki majina machache.

Kwanza tujue harufu inatoka wapi. Hutengenezwa ndani ya petali, hasa katika seli za tabaka la juu, na kutoka humo kama mvuke. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, ingawa chache ndizo zinazobeba mzigo: jeranioli na sitroneloli, zenye ule utamu ambao kila mtu huutambua kuwa ni waridi; feniletanoli, iliyo laini na yenye dalili ya asali; na damasenoni, ambayo katika mafuta ya waridi haifiki hata asilimia moja lakini pua huisikia kuliko nyingi zilizojaa humo. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha jambo lililowashangaza wengi katika fani hiyo. Walilinganisha mawaridi mawili mekundu, Papa Meilland linalonukia sana na Rouge Meilland lisilonukia, wakakuta tofauti kubwa iko kwenye kimeng'enya kimoja kiitwacho NUDX1. Katika Papa Meilland kinafanya kazi kwa nguvu na jeranioli inatengenezwa. Katika Rouge Meilland jeni lake limelala, wala ukitazama kwa macho huwezi kulijua hilo.

Hapo ndipo lilipo jibu la shada lisilonukia. Mzalishaji wa mawaridi ya kukatwa huchagua mche kwa idadi ya maua katika kila mita ya mraba, kwa urefu wa shina, kwa petali nene zisizochubuka ndani ya boksi, na kwa siku ambazo ua litakaa mezani kwa mnunuzi aliye umbali wa maelfu ya kilomita. Vizazi baada ya vizazi vya uchaguzi huo vimepita bila mtu kuuliza kuhusu pua, na kitu kisichochaguliwa hupotea. Haikuhitajika njama yoyote. Isitoshe, petali nyembamba zinazoachia mvuke wake kwa urahisi ndizo hizo hizo zinazonyauka mapema. Kwa hiyo anayepanda nyumbani akubali tangu mwanzo kwamba waridi lake huenda lisimalize siku tatu kwenye chombo. Mimi naona bei hiyo ni ndogo.

Harufu zenyewe haziko sawa, na ni kosa kuzipima kwa nguvu peke yake. Iko harufu ya Damaski, ile ya marashi, tamu na nzito, inayokaa zaidi kwenye mawaridi mekundu na ya waridi iliyokolea. Iko harufu ya chai, kavu kidogo na baridi, iliyoletwa na mawaridi ya China. Iko ya matunda, yenye ndimu, pera au embe ndani yake, na hii hupatikana mara nyingi kwenye maua ya manjano na ya machungwa. Iko ya karafuu, ambayo haitokani na mfano wa maneno tu: baadhi ya mawaridi yana eujinoli, kemikali ile ile iliyojaa kwenye karafuu za Pemba. Na iko ile wanayoiita ya manemane, iliyo karibu na shamari, ambayo watu wengine huipenda papo hapo na wengine huikataa kabisa. Mtu aliyelelewa katika nyumba yenye mrashi wa kunyunyizia wageni siku ya maulidi atakuwa na Damaski kichwani hata kama hajui jina lake. Ndiyo maana kila anapopewa waridi la matunda husema halinukii sawasawa.

Basi kwa nini asipande Damaski lenyewe? Swali hili nimelisikia kwa watu wa Unguja na Mombasa kuliko swali lolote lingine, nalo linastahili jibu refu, kwa sababu linagusa uhusiano wa kweli. Sehemu ya marashi yanayopendwa katika nyumba za pwani ina asili yake Oman, na waridi la Oman lina kwao: Jabal Akhdar, mlima ulio ndani ya nchi, wenye vijiji vilivyojengewa mashamba ya ngazi kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Huko mwaridi wa Damaski huchanua mara moja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Maua huchumwa alfajiri kabla jua halijavukiza mafuta yake, kisha hupikwa kwenye jiko la udongo. Mvuke hupanda, hugonga chombo chenye maji baridi kilichofunika chungu, na kudondoka tena kama marashi. Kuna ufundi wa kemia humo ambao wazee waliufuata bila kuuita hivyo: feniletanoli huyeyuka majini, kwa hiyo hubaki kwenye marashi, ilhali katika mafuta yanayotengenezwa kwa biashara sehemu yake kubwa hupotea pamoja na maji. Ndiyo maana marashi mazuri hunukia karibu zaidi na ua bichi kuliko mafuta ghali. Na ghali ni ghali kweli, maana kilo moja ya mafuta hudai zaidi ya kilo 3,000 za petali.

Damaski ni mtoto wa majira ya baridi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha lina wazazi watatu: waridi la Gallica, waridi la miski, na waridi la mwituni la Asia ya Kati liitwalo Rosa fedtschenkoana. Wote ni wa nchi zenye majira ya baridi. Damaski huweka matumba yake baada ya kupumzika kwenye baridi, na Jabal Akhdar, Taif ya Saudia, Isparta ya Uturuki na Kazanlak ya Bulgaria zote zina baridi hiyo. Zanzibar haina. Mombasa haina. Hata Nairobi haina kwa kiwango kinachotosha, kwa kuwa Julai yake hupoa lakini haileti jalidi. Nyanda za juu kama Njombe, ambako jalidi hushuka baadhi ya usiku wa Juni na Julai, zinaweza kujaribiwa na mwenye subira na nafasi. Kwingine Damaski litatoa majani mwaka mzima, na wivu wa kuliona kwenye picha za Oman usimpotoshe mtu.

Lakini bahari hii hii ya Hindi ilikwishalitatua tatizo hilo miaka 200 iliyopita. Kwenye kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, wakati huo kikiitwa Bourbon, wakulima walizoea kupanda miwaridi kama ua wa kuzungushia mashamba. Walitumia aina mbili: waridi la China liitwalo Old Blush, na Damaski la vuli, lile linalochanua zaidi ya mara moja. Aina hizo zikakutana zenyewe kwenye ua. Mwishoni mwa miaka ya 1810 Bréon, mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, aliuona mche uliofanana na pande zote mbili, na mbegu zake zikapelekwa kwa Antoine Jacques, mtunza bustani wa Duki wa Orléans. Kutokana na mbegu hizo ulizaliwa ukoo mzima wa Bourbon.

Kila mzazi alileta chake. Damaski lilileta harufu. Old Blush lilileta kitu ambacho kwa mtu wa ikweta kina thamani kubwa zaidi: halisubiri majira. Mwaka 2012 watafiti walieleza sababu. Miwaridi ya kale ina jeni linalozuia kuchanua nje ya msimu, na katika waridi la China jeni hilo limeharibika, hivyo kila chipukizi jipya linaweza kumalizika kwa ua. Mwaridi wenye damu ya China hauhitaji baridi ili uchanue. Unahitaji maji, jua na chakula. Karibu mawaridi yote yanayofaa nyumba zetu yana damu hiyo, na yale yasiyo nayo, hata yakisifiwa vipi, tuyaache huko yaliko.

Kati ya Bourbon zenyewe, zipo tatu ambazo bado zinastahili nafasi. Souvenir de la Malmaison, la mwaka 1843, lina ua kubwa la waridi hafifu lililojaa petali na harufu nzito yenye viungo, ila mvua ikilikuta tumba halifunguki, linaozea kwenye shina. Lipandwe mahali pakavu, Dodoma au Voi, asilishike mtu wa Bukoba. Zéphirine Drouhin la 1868 halina miiba, jambo la maana kwa nyumba yenye watoto, nalo hupanda ukutani. Ugonjwa wa madoa meusi hulipenda. Madame Isaac Péreire la 1881 ndilo lenye harufu kali kuliko yote matatu, na wapo wanaoliweka juu ya mawaridi yote yaliyowahi kuzalishwa. Kwangu mimi ni refu mno na lina uvivu wa kurudia maua, na kwenye kiwanja cha mjini nisingelipa nafasi.

Nafasi hiyo ningewapa ndugu watatu wekundu, kwa sababu hapa uchaguzi una mafunzo yake. Wazalishaji wa nchi mbili tofauti walichukua wazazi wale wale, mawaridi Chrysler Imperial na Charles Mallerin, wakawazalisha. Ufaransa, Alain Meilland alipata Papa Meilland, lililotoka 1963 na kupewa jina la babu yake. Marekani, Herbert Swim na O. L. Weeks walipata Mister Lincoln na Oklahoma, yote ya 1964. Mawaridi matatu, baba mmoja na mama mmoja, yote mekundu meusi, yote yenye harufu ya Damaski iliyokolea. Mtu angeweza kudhani kuchagua moja ni kuchagua lolote.

Papa Meilland ndilo lenye harufu ya ndani zaidi. Chini ya utamu wake kuna kitu cha ndimu kinachoizuia isichoshe. Petali zake ni mahameli, karibu nyeusi kwenye tumba. Lakini ni mche mgumu kulea. Ugonjwa wa ubwiri unga huushika kila usiku unapopoa baada ya mchana wa joto, na hali hiyo ndiyo ya Nairobi na Arusha kwa miezi mingi. Maua yake si mengi. Lipewe mtu anayekagua majani yake kila asubuhi na asiyeona ubaya kusubiri. Mister Lincoln lina nguvu zaidi ya nduguye: hupanda hadi mita mbili, hutoa shina refu la kukatwa, na hustahimili makosa ya mwenye bustani. Harufu yake ni pana zaidi kuliko ya Papa, bila ule ukali wa ndimu, na huenea hadi kwenye baraza. Kasoro yake ni uzee: ua likishapita siku zake wekundu hugeuka zambarau isiyovutia, basi likatwe mapema. Oklahoma lina ua kubwa na la duara kuliko yote, na tabia yake ni kinyume cha Papa. Linataka joto. Kwenye baridi matumba hukwama na ubwiri unga hulivamia, ilhali katika joto kavu hufunguka vizuri na kunukia hata saa sita mchana.

Kwa hiyo nyumba ya Limuru, iliyo juu ya mita 2,200, ichukue Mister Lincoln. Nairobi na Arusha zichague kati ya Mister Lincoln na Papa Meilland kwa kadiri ya muda wa mwenye nyumba. Moshi mjini, Machakos, Morogoro na Dodoma zichukue Oklahoma, likiwa mahali penye kivuli cha alasiri, kwa kuwa petali nyeusi hufyonza jua na kuungua kingo. Chama cha Waridi cha Marekani kina tuzo ya harufu yenye jina la James Alexander Gamble. Papa Meilland liliipata mwaka 1974. Mister Lincoln lilingoja hadi 2003. Kwa bustani zetu ningeugeuza mpangilio huo, kwa sababu harufu ya mwaridi mgonjwa hainufaishi mtu.

Nje ya wekundu, jina la kwanza kwa nyanda za juu ni Double Delight la 1977. Lina moyo wa maziwa na kingo nyekundu, na harufu yake ni ya viungo na matunda. Wekundu wa kingo hizo huamshwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayounguza ngozi, na miale hiyo ni mikali mno kwenye nyanda za juu za ikweta. Ua ambalo Uingereza hubaki jeupe siku nzima, Nakuru huanza kuiva wekundu mara tu linapofunguka. Fragrant Cloud la Tantau wa Ujerumani, la 1963, lina rangi ya marijani na harufu inayounganisha Damaski na matunda, na maua yake ni mengi kuliko ya ndugu wale watatu. Madoa meusi ndiyo adui yake msimu wa masika. Mwenye kutaka jeupe apande Margaret Merril la 1977. Mwenye kutaka manjano yasiyosumbua ajaribu Sunsprite. Blue Moon, lenye rangi ya urujuani, lina harufu nzuri ya ndimu, ingawa mche wake ni dhaifu.

Na yapo majina yanayopatikana kwa wingi ambayo mtafuta harufu ayapite. Iceberg la 1958 limejaa kwenye bustani za hoteli na ofisi, kwa haki, maana halichoki kuchanua, lakini harufu yake ni ya kutafutwa. Queen Elizabeth la 1954 ni hivyo hivyo. Peace, pengine waridi mashuhuri kuliko yote ya karne iliyopita, lina harufu ndogo isiyolingana na sifa zake.

Yanakuja sasa mawaridi ya Kiingereza ya David Austin, ambayo leo yamekuwa jibu la kila anayeulizwa kuhusu harufu. Austin, aliyefariki mwaka 2018, alitaka kuunganisha umbo na harufu ya mawaridi ya kale ya Ulaya na uwezo wa kuchanua tena na tena. Waridi lake la kwanza, Constance Spry la 1961, lilikuwa na harufu ya manemane lakini lilichanua mara moja kwa mwaka. Yaliyofuata yakarekebisha hilo. Kwa wapandaji wa huku onyo ni moja: vipimo vya vitabu vyake ni vya Uingereza. Mwaridi ulioandikwa mita 1.2, ukipata jua la mwaka mzima usiokatizwa na baridi, hutupa matawi ya mita mbili na nusu na kuchanua kwenye ncha tu. Gertrude Jekyll la 1986, lenye harufu safi kabisa ya waridi la kale, hufanya hivyo karibu kila mahali penye joto. Dawa yake ni kuyainamisha matawi marefu na kuyafunga yalale kwenye uzio. Kila jicho la tawi lililolala huchipua na kutoa ua lake.

Ningechagua Jude the Obscure la 1995 kabla ya Gertrude Jekyll. Ua lake ni kikombe cha maziwa na manjano, na wazalishaji wenyewe huilinganisha harufu yake na pera lililoiva. Kwa mtu aliyekua na mpera uani, ulinganisho huo hauhitaji maelezo. Petali zake hushikana zikinyeshewa, lakini katika ukame hufunguka vyema, na sehemu kubwa ya bara la Kenya na Tanzania ina miezi mingi mikavu inayolifaa. Kwamba mawaridi yenye harufu yanastawi katika mwinuko wetu si dhana. Tambuzi, shamba lililo karibu na Nanyuki, limejenga biashara yake juu ya mawaridi yanayonukia, yakiwamo ya Austin, na kuyauza nje. Usiku wa baridi wa mlimani huchelewesha ua, nalo huwa kubwa zaidi.

Pwani ni habari nyingine, na hapa ndipo vitabu vinapomwacha mtu peke yake. Joto la usiku haliupi mwaridi nafasi ya kupumzika. Ua hufunguka asubuhi na kuchoka jioni, likiwa dogo na limekwisha toa harufu yake yote. Udongo juu ya mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na majani hugeuka manjano kati ya mishipa kwa kukosa chuma. Maji ya kisima yana chumvi. Kwenye mchanga kuna minyoo fundo inayokula mizizi. Ndugu watatu wekundu hawadumu hapo, na mwenye kuniuliza kuhusu Papa Meilland kwa nyumba ya Bububu, Unguja, nitamwambia asilinunue.

Mfano wa kuufuata uko mbali, lakini hali zake zinafanana na zetu kwa sehemu kubwa: Bermuda. Ni visiwa vya mawe ya chokaa, vyenye upepo wa chumvi na visivyojua jalidi. Mawaridi yanayostawi huko tangu karne ya 19 ni hasa ya koo mbili, China na Chai. Mawaridi ya Chai yalianzia kwenye miche iliyofika Uingereza kutoka China, mmoja mwaka 1809 na mwingine 1824. Hayapendi kukatwa sana, hukua taratibu, na maua yake huinama. Joto ndilo linaloyaamsha. Duchesse de Brabant la 1857, kikombe cha waridi laini, ndilo lenye harufu nzuri zaidi kati ya yote niyajuayo ya ukoo huo. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alipenda kulivaa kifuani. Harufu yake haitakuwa marashi. Ni nyepesi, na husikika vizuri mapema asubuhi. Bermuda ina miezi inayopoa zaidi kuliko Zanzibar, kwa hiyo mategemeo yawe ya kiasi, lakini kama kuna waridi la kupambana na Mombasa, ni la ukoo huu.

Lipandwe kwenye chungu kikubwa, angalau lita 40, chenye mboji na samadi iliyooza vizuri, mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba. Maji ya mvua au ya bomba ni bora kuliko ya kisima. Anayetaka kupanda ardhini atafute mche uliobebeshwa juu ya shina la Fortuniana, linalotumiwa Florida kwa sababu huvumilia mchanga na minyoo fundo. Na sioni aibu yoyote kwa bustani ya pwani kuupa mwaridi mmoja au miwili kazi ya rangi na umbo, huku asumini, kilua na mrehani vikibeba harufu. Kikuba cha maua kimekuwa hivyo siku zote: waridi liko ndani yake pamoja na wenziwe.

Changamoto ya mwisho ni kuupata mche wenyewe. Vitalu vingi vya kando ya barabara huuza miwaridi kwa rangi, bila jina, na muuzaji atakuambia kila mmoja unanukia. Usinunue ambao haujachanua. Nenda kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha petali joto lakini halijazikausha, tafuta ua lililofunguka nusu, lipulizie pumzi ya joto kisha unuse. Ua ambalo poleni yake imekuwa kahawia limekwisha. Lisikufanye uuhukumu mche. Siku ya upepo mkavu ahirisha safari, kwa kuwa hata Mister Lincoln litaonekana bubu.

Usisahau miwaridi isiyo na majina. Kwenye misheni za zamani na nyua za nyumba kongwe ipo michache iliyovumilia miongo bila dawa wala mbolea, na uvumilivu huo ni ushahidi mzito kuliko tuzo yoyote. Omba pingili ya unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, kutoka kwenye tawi lililomaliza kuchanua, uitie kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli. Mawaridi ya kale hayana mwenyewe, lakini aina mpya zinalindwa na haki za wazalishaji, kwa hiyo zinunuliwe kwa wenye kibali. Mche wa kuvuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea, kutoka KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania Bara. Utaratibu huo ulindwe, kwa sababu gonjwa moja la mizizi lililoletwa kwenye begi linaweza kuangamiza mashamba ya watu.

Petali za kutia kwenye chai au kwenye maji ya kunawia wageni zichumwe kwenye mwaridi ambao haujapuliziwa dawa. Za shada la dukani zisitumike kwa chakula kabisa. Na mwenye kuhitaji maua kwa tarehe fulani ahesabu kurudi nyuma: tangu kupogoa hadi kuchanua ni wiki sita hadi nane, zaidi kidogo kwenye baridi. Kwa harusi ya katikati ya Desemba pale Moshi, mkasi uingie mwishoni mwa Oktoba. Limuru, wiki mbili kabla ya hapo. Mwaridi wa Chai wa pwani usikatwe hivyo, uondolewe maua makavu tu na kupewa samadi.